Kimo cha Wimbo wa Chiriku

Kwenye majalada yote ya kanda zake, Chiriku yuko mbele, kapendeza, mkono kiunoni. Kiraka, mpiga vyombo wake, hayupo. Akiwepo ni kiwiko tu, au nusu ya kofia iliyokatwa na mpiga picha mwenye haraka zake. Lakini fumba macho usikilize. Gitaa linalocheka katikati ya ubeti ni lake. Besi inayotembea taratibu kama mtu aliyeshiba ni yake. Hata ile filimbi inayoingia mara moja tu kisha ikaondoka bila kuaga ni yake, na Chiriku mwenyewe alikuwepo siku hiyo, maana mpuliza filimbi alikwama njiani na Kiraka akasema, "Nipeni nijaribu, si matundu tu haya?"

Jina lilitoka mpirani. Mchezaji anayepangwa popote, leo beki, kesho winga, kesho kutwa kipa kaumia naye anavaa glavu, watu humwita kiraka. Walipomwona huyu bwana kwenye muziki hawakusumbuka kutafuta jina lingine.

Jioni moja Chiriku alimwona akipigia bendi mbili kwenye jukwaa lile lile, anabadilisha shati tu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, "Hivi hawa mapacha wako wangapi?" Amepigia kwaya asubuhi na harusi mchana. Amepiga tangazo la sabuni, tangazo la dawa ya mbu, na ule muziki wa redioni unaotangulia taarifa za vifo, ambao ukianza tu watu wanaacha kutafuna. Amezunguka nchi za watu na bendi ambazo lugha yao haijui, wakielewana kwa nyusi. Mara moja mpiga besi alishikwa na tumbo muziki ukiwa umeshaanza, na Kiraka, aliyekuwa kwenye kinanda, akapiga besi kwa mkono wa kushoto na sehemu yake kwa mkono wa kulia mpaka mwisho. Hakuna aliyejua ila yule mgonjwa, aliyekuwa chooni akisikiliza besi yake ikiendelea bila yeye. Anasema alidhani amekufa.

Mwandishi wa gazeti aliwahi kumuuliza anapenda muziki gani. Akajibu, "Ule nilioitiwa." Chiriku alicheka sana siku ile. Baadaye sana ndipo alipoona kwamba hakuwa anatania.

Na alikuwa na tabia yake moja. Akikutana na mwimbaji kwenye mazoezi, haanzi kwa kugusa chombo. Anakaa, viganja kavisokomeza makwapani kama mtu mwenye baridi, anasema, "Hebu ongea kidogo." Mwimbaji anauliza aongee nini. "Chochote. Umekula nini leo?" Basi mwimbaji anaeleza chai yake na mkate wake, huku anacheka, na Kiraka kainamisha kichwa. Akiridhika anavuta chombo na kuanza. Wengi waliona ni vituko tu, kila mwanamuziki ana vyake.

Kisha Chiriku akapata uvimbe kooni. Ulitolewa salama, na daktari akamwambia, "Sauti itarudi, mama. Ila siwezi kukuahidi itarudi na mizigo yake yote." Akakaa bila kuimba mwaka mzima, yeye ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa kutonyamaza. Nyumba ilikuwa kimya hadi binti yake akawa anawasha redio jikoni ili tu kuwe na mtu anayeongea.

Siku aliyorudi mazoezini, bendi ilikuwa inamsubiri kwenye ukumbi ulio nyuma ya karakana ya samani. Dirisha halifungi, na harufu ya vanishi inaingia na kukaa kooni. Mpiga ngoma, mtu wa makamo waliyemwita Mapengo kwa meno yake ya mbele, alikuwa ameshafunga ngoma zake. Waya, mpiga gitaa mwembamba, alikuwa anafuta nyuzi kwa pindo la shati. Binti yake Chiriku, anayeitikia viitikio, alikuwa ameleta chupa ya maji ya moto na tangawizi. Kiraka alikuwa nyuma ya kinanda cha umeme.

Chiriku hakukaa. Alisimama katikati yao na mkoba wake begani.

"Nisikilizeni kabla hatujaanza. Tunakwenda kwenye ziara, sawa. Lakini Kiti cha Dirishani nitauimba pale ulipo, kama ulivyo kwenye kanda. Hakuna kushusha kimo chake. Siku nitakayoushusha wimbo ule, siku hiyo hiyo nashuka jukwaani kabisa, naenda kulea wajukuu."

"Wajukuu wenyewe wako wapi?" binti yake akauliza.

"Utawaleta. Hiyo ni kazi yako, mimi ya kwangu nilishamaliza."

Wakacheka, lakini kila mmoja alijua kwamba hatanii. Huo ndio wimbo uliompa umaarufu. Unaanza chini, unapanda polepole, na kwenye ubeti wa mwisho unafika mahali pa juu ambapo bendi ilipapachika jina la darini. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kusubiri Chiriku apande darini. Na mwimbaji akizeeka, akaomba wimbo ushushwe, watazamaji hawatambui hata kidogo. Wanaotambua ni wanamuziki. Ndio wanaokonyezana nyuma ya pazia. Chiriku alikuwa msichana alipomsikia mpiga tarumbeta mmoja akisema juu ya mwimbaji mkubwa wa wakati ule, "Bibi anashuka kila mwaka, mwishowe tutampigia kutoka kwenye shimo." Kicheko cha siku ile hakijawahi kumtoka masikioni. Hakuogopa watu wa nje. Aliwaogopa hawa.

"Umesikia, Kiraka?"

"Nimesikia, dada." Viganja vilikuwa makwapani. "Umekula nini leo?"

"Wewe nawe! Miaka yote hii hujanizoea?"

"Mwaka mzima sijakusikia. Umekula nini?"

Akamweleza. Mayai, kipande cha mkate, chai aliyoiacha ikapoa kwa sababu ya woga. Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni, imekuwa nzito, kama imetoka chumba cha pili. Kiraka alimwacha aongee mpaka mwisho, akabonyeza kitu kwenye kinanda, akamwangalia Waya. Waya akainama kurekebisha nyuzi. Wakaanza.

Alipanda darini siku hiyo hiyo. Kwa shida, kwa kushika ukuta, lakini alifika. Binti yake alilia waziwazi. Mapengo akagonga sahani zote kwa pamoja. Chiriku alikaa kwenye kiti cha mazoezi, akanywa maji yake ya tangawizi, akasema, "Daktari hajui kitu."

Ziara ikaenda vizuri. Walilala kwenye vyumba ambavyo mapazia yake hayafiki chini, walikula wima, walibishana juu ya nani anakoroma. Kiraka alikuwa kila mahali. Ukumbi ambao spika zake zilikoroma, yeye ndiye aliyelala chini ya jukwaa na tochi mdomoni. Waya alipokatwa kidole na kopo, Kiraka alipiga gitaa la Waya, tena kwa makosa ya Waya mwenyewe, yale madogo ambayo watu wamezoea kuyapenda. Waya alisimama pembeni na bandeji yake akashangaa. "Hata pale ninapochelewa kachelewa!" akasema. "Huyu si mtu, huyu ni kivuli."

Na kila jioni Chiriku alipanda darini. Kila mara kwa urahisi zaidi. Akaanza kutembea kama zamani, akaanza kugombana na wenye kumbi kama zamani, na hapo ndipo wote walipojua kwamba amepona. Moyoni alimshukuru Mungu, na tangawizi, na baada ya hapo shingo yake mwenyewe kwa ubishi wake.

Ziara ilipokwisha, mwenye studio akawaita waurekodi upya Kiti cha Dirishani, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, ili watu wasikie Chiriku amerudi. Studio ilikuwa nyumba ya kawaida iliyogeuzwa. Sebule imebandikwa magodoro ukutani, chumba cha kulala kimewekwa kioo na mitambo, na fundi mitambo anakaa huko ndani, kijana mpole mwenye kuongea kupitia spika ndogo. Ilikuwa asubuhi. Kwenye kona ya sebule palikuwa na piano ya mbao.

"Ile," Chiriku akasema. "Kanda ya kwanza tulipiga kwa piano ya mbao. Na hii tunaipiga kwa ile."

"Kinanda changu kinatosha," Kiraka akasema.

Chiriku akageuka kumtazama. Tangu amjue, hajawahi kumsikia akikataa chombo. Mtu huyu ukimpa sufuria atauliza kifuniko kiko wapi.

"Piano sauti yake haiko sawa?"

"Imetengenezwa juzi, mzee," fundi mitambo akasema kwenye spika. "Iko safi kabisa."

Kiraka akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kukaa kwenye piano. Chiriku akasogea akasimama ubavuni pake, kama alivyosimama zamani. Mapengo akahesabu. Na Chiriku, badala ya kufumba macho kama kawaida yake, akatazama mikono.

Muziki wa kusoma hakuujua. Meno ya piano kwake yalikuwa meno tu, meupe na meusi. Ila jino moja alilijua. Walipoanza kuupeleka wimbo huo jukwaani baada ya kanda kutoka, kwenye piano iliyokopwa, Kiraka alimwonyesha kitundu cha funguo kilicho katikati ya mbao, pale mwenyewe anapofungia mfuniko, akamwambia, "Ukipotea, dada, tafuta kitundu hiki. Jino lililo hapa ndilo mlango wa wimbo wako. Unaanzia hapa." Yeye mwenyewe alishasahau kwamba aliwahi kusema hivyo. Mtu aliyepiga nyimbo za watu wengi hivyo atakumbukaje alichomwambia kila mmoja? Lakini Chiriku wimbo wake ulikuwa huo mmoja.

Kidole gumba cha Kiraka hakikuanzia penye kitundu. Kilianzia kushoto, meno mawili meupe nyuma.

Chiriku hakuimba. Wenzake wakapiga mistari kadhaa peke yao, halafu wakaacha mmoja mmoja, Mapengo wa mwisho.

"Mama, kuna tatizo?" spika ikauliza.

"Tangu lini?" Chiriku akasema. Hakuwa anamjibu fundi.

Kiraka alitoa mikono kwenye piano akaiweka mapajani. "Tangu siku ya vanishi. Kinanda kina kitufe cha kushushia, piano haina."

"Na darini?"

"Darini ulipanda, dada. Hakuna aliyekubeba."

"Darini mlipashusha!" Akamgeukia Waya. Waya akatazama nyuzi zake. "Wewe ulijua." Akamgeukia Mapengo. "Na wewe."

"Mimi, mama?" Mapengo akainua vijiti kama anayejisalimisha. "Ngoma yangu haina juu wala chini, mimi naitwanga tu."

"Ulijua!"

"Nilijua," Mapengo akasema, taratibu.

Binti yake alikuwa amesimama penye godoro la ukutani, na Chiriku hakuhitaji kumuuliza, maana mtoto huyo tangu mdogo akiwa na siri huwa anashika sikio, na sasa alikuwa amelishika. Ziara nzima. Kwenye kila ukumbi, kila chumba cha kubadilishia nguo, watu hawa walikuwa wanajua, na yeye alikuwa akitembea kifua mbele. Akasikia kile kicheko cha mpiga tarumbeta.

"Mmenifanya mtoto mdogo. Piga pale pake. Kwenye kitundu. Sasa hivi."

Kiraka hakubishana. Alisogeza mkono, gumba likakaa penye kitundu cha funguo, akapiga, na wengine wakamfuata. Chiriku akaimba. Ubeti wa kwanza ulimkaza kama kiatu cha mtu mwingine. Wa pili aliusukuma kwa hasira. Alipofika darini, sauti ikapanda nusu ya ngazi ikakatika. Si kwa kukwaruza. Ilitoweka tu, mdomo wazi, na piano ikamalizia mstari peke yake.

Hakuna aliyemwangalia. Nyuma ya kioo fundi mitambo alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Chiriku akachukua mkoba wake, akautia begani. "Nilisema mbele yenu wote nitakachofanya. Mimi si mtu wa kusema na kurudisha."

"Mama, jamani," binti yake akaanza.

"Ngoja," Kiraka akasema. Hakuinuka, na hakupandisha sauti. "Nenda, dada, kama unaenda. Lakini unaenda kwa sababu ya kimo gani?"

"Kimo cha wimbo wangu. Ule nilioutunga."

"Ulioutunga uliutungia wapi?"

"Jikoni kwangu, unajua. Ulikuja ukanikuta namenya viazi nikakuimbia."

"Nilikukuta, mimi na gitaa langu. Nikaupiga ulivyoimba. Ulikuwa chini, dada. Chini kuliko hata tulivyopiga ziarani. Siku ya studio ulikuja umevaa gauni jekundu, umechangamka, hukai, unaongea na kila mtu mpaka mlinzi. Nikakuuliza umekula nini ukanijibu kwa sauti ya kuruka paa. Nikaona huyu leo ule wimbo wa jikoni utambana. Nikaupandisha. Sikukwambia. Uliimba ukapata pa kurukia, na ndipo hapo watu wakapapenda." Akafuta meno ya piano kwa kiganja, ingawa hayakuwa na vumbi. "Kimo unachokiapia ni cha kwangu mimi. Nilikushonea kwa siku ile."

Chiriku alibaki amesimama. Alijaribu kukumbuka jikoni, viazi, sauti yake ikitoka chini chini ili asimwamshe mtoto aliyelala chumba cha pili. Mtoto mwenyewe ndiye huyu aliyeshika sikio. Ndiyo. Uliimbwa chini. Aliunong'ona, hasa.

"Na wengine?" akauliza mwishowe.

"Wengine gani?"

"Hao waimbaji wote uliowapigia. Kwaya, harusi, hao wakubwa wenye magari. Wangapi umewapandisha na kuwashusha bila wao kujua?"

Kiraka akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu anayefunga mlango kwa adabu. "Hayo siyasemi, dada."

"Hata mmoja?"

"Hata wewe nisingekwambia kama usingechungulia mikono."

Mapengo akacheka puu, akajiziba mdomo kwa kijiti. Na Chiriku alimtazama Mapengo, akamtazama Waya, na jambo ambalo hasira ilikuwa imelificha likamjia. Watu hawa wamekaa na siri hii safari nzima, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani, wanamuziki hawa, viumbe wasioweza kunyamazia hata soksi iliyotoboka ya mwenzao. Hakuna aliyekonyeza. Angekonyeza mmoja angemwona, alikuwa anawavizia kila siku. Walikuwa wanainama kushusha nyuzi zao na kuinuka na nyuso za kawaida, kwa sababu Kiraka alikuwa amewaonyesha jinsi ya kufanya kazi hiyo. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na huwezi kuiona kwenye picha.

Mkoba ukamteleza begani. Akaushika, akautazama, akampa binti yake.

"Wimbo ulivyokuwa jikoni," akasema. "Unakumbuka ulikuwa wapi?"

"Nakumbuka."

"Nipigie huko."

Kwa mara ya kwanza alimwona Kiraka akisita. Mkono ulienda kushoto, ukapita yale meno mawili, ukasimama. "Huko ni chini sana, dada. Pale ulipozoea kupanda darini, patakuwa sebuleni."

"Sebuleni ndiko wageni wanakokaa. Piga."

"Na ulichosema mbele yetu? Kwamba ukiushusha unashuka?"

"Siushushi. Naurudisha ulikotoka." Akamgeukia yule kijana wa nyuma ya kioo. "Mwanangu, acha kutafuta kitu chini ya meza, washa mashine yako."

Waya akainamia nyuzi zake, safari hii bila kujificha, akazilegeza kwa makeke mpaka Mapengo akamwambia asije akaziacha sakafuni. Kiraka alipiga peke yake kwanza. Polepole, akiwa anatazama vidole vyake mwenyewe kama mtu anayepita njia ya zamani iliyoota majani. Chiriku alisimama ubavuni, hakufumba macho. Kiti chako kipo, akaimba, upepo ndio umekikalia. Maneno hayo aliyatunga akiwa mama kijana asiyewahi kuachwa na mtu. Huko chini yalikuwa na uzito ambao hakuwahi kuyasikia nao, na hakulazimika kuyasukuma. Alipofika penye darini, hakupanda. Alikaa pale pale, akalitoa neno kwa sauti ya kawaida kama anavyomwambia mtu wa nyumbani, na Kiraka, aliyekuwa ameinua mkono wa kulia kumsindikiza juu kwa mazoea, akauzuia hewani akamwachia nafasi.

Walipomaliza, spika ndogo ikakwaruza. Kisha fundi mitambo akasema, "Samahani, mama. Tunarudia?"

Chiriku alimwangalia Kiraka. Kiraka alikuwa amesokomeza viganja makwapani.

"Turudie," Chiriku akasema. "Waya kachelewa kwenye ubeti wa pili."

"Mimi huwa nachelewa pale, mama," Waya akasema. "Ndivyo wimbo ulivyo."

"Basi turudie uchelewe vizuri."